Gari la Kijivu na Kioo Chake

Sipendi muuzaji anayecheka kabla sijamwambia ninachotafuta. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na mtoto anayetabasamu kabla ya kuulizwa huwa ameshafanya jambo. Ndiyo maana ule mwaka tuliokuwa tunatafuta gari, kila tulipokwenda kwa muuzaji nilivaa uso wa mtu aliyeitwa kwenye kesi.

Gari tulilitafuta kwa ajili ya mama yangu. Mama ni mjane wa mtu wa reli, anakaa ng'ambo ya reli katika nyumba aliyoachiwa na baba, na miaka yote alikwenda sokoni na kanisani kwa pikipiki, amekaa upande, miguu pamoja, mkoba mapajani, kana kwamba yuko kwenye benchi la kwaya. Siku moja baada ya mvua pikipiki iliteleza pale njia inapovuka reli, naye akaangukia chuma. Nyonga ikavunjika. Hospitalini walimtengeneza vizuri, ila daktari alituambia bila kuzunguka: aletwe kila wiki afanyishwe mazoezi, la sivyo mguu utakauka na hatasimama tena peke yake.

Mama alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani, akakataa pikipiki moja kwa moja. Mara mbili tulimpeleka kwa kile kigari cha kusukuma ambacho watu hubebea magunia ya mahindi. Mara ya pili alikutana na wamama wenzake wa kanisani wakitoka kwenye maombi. Tulipofika aliniambia kigari nacho basi. Tangu hapo alikaa ndani. Nilipokwenda kumwona nilikuta anashika ukuta ili afike mlangoni, na kila wiki ukuta ule aliushika kwa nguvu zaidi. Niliogopa. Nilikuwa naona mama anakauka mbele ya macho yangu, na mimi niko na fedha ya kiwanja tulichouza, imefungwa ndani ya kitambaa, haifanyi kazi.

Mume wangu ni karani wa reli, mtu wa Malemba-Nkulu, mwenye maneno machache na kofia ambayo haivui ila kanisani. Ndiye peke yake nyumbani kwetu anayejua kuendesha, alijifunza kwa gari la kazi. Na hapa lazima niseme habari ya buko, ingawa kwetu ni jambo la kila siku hata hatuna haja ya kulisema. Kwa Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mwanamume huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Wengi wameshalegeza, hasa sisi watoto wa kambi ya reli, ambao baba zetu walitoka kila upande na kila mmoja alikuja na desturi zake ndani ya sanduku. Mume wangu hakulegeza hata kidogo. Akimpelekea mama gunia la unga, huliweka mwanzoni mwa uwanja, anakohoa, anaondoka, na mama hutoka baadaye. Wakitaka kuambiana jambo hunipitishia mimi, hata wakiwa pande mbili za ukuta mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Nilishazoea kuwa mdomo wa watu wawili. Kwangu mimi buko ilikuwa mambo ya milango na sahani, haikuwa na uhusiano wowote na magari.

Likizo ilipofika tulitoka kwetu Kamina kwenda Lubumbashi kulinganisha bei. Muuzaji wa kwanza alikuwa na nyumba ya vioo, sakafu inang'aa hadi unaogopa kukanyaga, na magari mapya kweli, viti bado vimevikwa plastiki. Msichana mmoja alituletea maji ya chupa baridi kabla hatujakaa. Nikasema moyoni, haya maji tutayalipa. Na kweli tuliyalipa kwa masikio. Bei iliyoandikwa kwenye kioo cha mbele ilikuwa ya gari tu. Nilipouliza kuhusu ushuru, akataja ushuru. Nilipouliza kuhusu sahani za namba, akataja sahani za namba. Nilipouliza nani atalifikisha Kamina, akacheka, akasema hilo ni letu na treni. Kila swali langu lilizaa dola nyingine, na yeye alitabasamu vilevile, hata nikaanza kufikiri kwamba nikiuliza jina lake nalo litaongezwa kwenye hesabu.

Mume wangu wakati huo alikuwa ameingia garini. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, halafu akanyoosha mkono akarekebisha kile kioo kidogo cha juu ambacho mafundi wetu wanakiita retro, kinachomwonyesha dereva yaliyo nyuma yake. Alikitazama kitambo. Kisha akatoka, akafunga mlango taratibu, akasema hapana. Sikushangaa, bei ilikuwa kubwa. Ila nilikiona kile kitendo cha kioo, nikakiweka akilini.

Muuzaji wa pili alikuwa na uwanja kando ya njia ya Kasumbalesa, magari yamebanana hata mlango haufunguki wote. Huyu hakutupa maji. Alitupa undugu. Aliposikia tunatoka Kamina alisema bibi yake alizikwa Kamina. Nikamuuliza mtaa gani, akasema zamani sana. Gari alilotuonyesha aliliita jipya, maana yake ni kwamba halijawahi kukanyaga vumbi la Congo. Vumbi la kwingine si kazi yake. Lilikuwa zuri, refu, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya nyumba ya vioo. Hapo ndipo nilipokaa macho, kwa sababu bei nzuri inanitia wasiwasi kuliko bei mbaya.

Nikamwambia awashe fagio za kioo cha mbele. Akaniuliza za nini, hakuna mvua. Nikasema awashe tu. Fundi mmoja wa kwetu alinifundisha hili: magari haya yakija yana usukani upande wa kulia, huku wanauhamishia kushoto, na wengi hawahangaiki kuhamisha fagio. Basi mvua ikinyesha, fagio zinamsafishia vizuri abiria, na dereva anabakiziwa kipande cha maji mbele ya macho yake. Akawasha. Kipande kikabaki palepale, upande wa dereva, kikubwa kama kurasa mbili za daftari. Nilimwangalia yule ndugu yetu wa makaburi ya Kamina, naye akaangalia viatu vyake.

Nilidhani mume wangu ataondoka mara moja. Hapana. Pamoja na yote hayo aliingia, akakaa, akanyoosha mkono kwenye kioo kile, akakigeuza juu, chini, kushoto. Halafu akatoka akasema hapana, kana kwamba habari ya fagio hakuisikia kabisa. Kwenye basi la kurudi nilimuuliza anatafuta nini kwenye kioo. Akajibu kwamba anaangalia tu. Mtu anayeangalia tu haangalii namna ile. Nikaanza kumshuku mume wangu mwenyewe.

Niseme wazi nilichofikiri. Nilifikiri amekula njama na mtu. Nilifikiri kuna muuzaji aliyemwahidi kitu kidogo, na hizi hapana zote ni za kunichosha ili mwishowe nikubali gari la huyo mtu. Usiku na mchana nilikuwa nachungulia simu yake bila kuishika. Halafu mwalimu mwenzangu akaniambia amemwona karibu na stesheni, amesimama na mtu kando ya basi dogo la zamani, lile la safu nne za viti, wanazungumza, na mume wangu alikuwa amekaa ndani anatazama nyuma. Basi dogo! Tunatafuta gari la familia la viti vitano, na yeye anatazama basi la kubeba samaki kutoka Mulongo. Nilipomuuliza alisema basi lina nafasi. Nafasi ya nani, nikasema, sisi na mama ni watu watatu. Akasema nafasi tu, na akavaa kofia akaenda kazini.

Nilikasirika sana. Juma lile mama hakufika mlangoni. Alinipokea akiwa amekaa, akacheka kunificha, lakini niliona fimbo imeegemezwa karibu na kitanda, na fimbo hiyo wiki iliyopita haikuwepo.

Muuzaji wa tatu alikuwa wa hapahapa Kamina, mzee wa kanisa letu, sauti ya chini kwenye kwaya. Huagiza magari mawili matatu kutoka Lubumbashi, yanakuja juu ya behewa la treni, anayaosha na kuyapanga uwanjani kwake. Alikuwa na gari moja la kijivu, la viti vitano, usukani umezaliwa kushoto, fagio zinafagia zinapopaswa kufagia. Nililizunguka, nikapiga magoti nikachungulia chini, nikanusa ndani kama kuna harufu ya maji. Sikupata kosa, na hilo lilinikera. Mzee akatutajia bei akisema ni bei ya ndugu, kwa sababu tunaimba pamoja, na kwamba mtu wa nje asingemtajia hivyo.

Bei ya ndugu sijawahi kuiamini. Nikamtuma mwalimu mwenzangu, ambaye ni Mkatoliki na hajawahi kukanyaga kanisani kwetu, akaulize gari lilelile la kijivu kama mpita njia. Akarudi anacheka hadi anashika ubavu. Bei ya mpita njia ilikuwa chini ya bei ya ndugu kwa dola mia nne. Jumatatu nilikwenda kwa mzee, nikamwambia kwa upole kwamba kuanzia leo undugu wetu umevunjika, aniuzie kama mgeni. Alikohoa kwa sauti yake ya chini, akasema lazima kulikuwa na kosa la kusikia, na bei ikashuka. Hadi leo tukiimba najua anaruka safu yetu kwa macho.

Basi tukafika siku ya kulichukua. Bei nzuri, gari zima, karibu na nyumbani, fedha iko mkononi. Mume wangu akaingia, akakaa, na mkono wake, kama kawaida, ukapanda kwenye retro. Akakigeuza. Nikaona bega lake linashuka, nikajua neno gani linakuja.

Sikumwacha alitoe. Nilikuwa nimechoka na kuchekwa na vioo. Nilisema leo nitaona anachokiona, kama kuna mtu nyuma anampa ishara, nimkamate palepale. Nikafungua mlango wa nyuma nikaingia kwa hasira, nikakaa katikati ya kiti. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya vumbi. Watu wote wananiambia nimechukua uso wa mama, nikifunga kitambaa ndiyo kabisa.

Nikainua macho kwenye kile kioo. Ndani yake hakukuwa na muuzaji wala ishara. Kulikuwa na macho ya mume wangu, yananitazama usoni, karibu sana. Na mara yaliponiona yakaanguka chini, haraka, kwa aibu, yakatazama magoti yake. Nayajua macho yale yanapoanguka hivyo. Nimeyaona yakianguka tangu harusi yetu, kila mama alipotokea kwenye kona.

Mzee wa kwaya alikuwa nje anapangusa taa ambayo ilikuwa safi.

«Pale weye uko umekaa,» mume wangu akasema, bado anatazama magoti, «pale njo mama atakaa.»

Nikamwambia atakaa pembeni, nyuma yake, asionekane. Akasema nyuma yake mguu hautanyooka, daktari amesema mguu unyooke, ameshapima. Nikamwambia basi nitamweka kando ya mlango wa kulia. Akasema kioo kinamfikia hata pale. Ameshapima hilo nalo, kwenye kila gari, kwenye kila uwanja, kule Lubumbashi na hapa. Kiti cha mbele hata hatukukitaja, huko wangegusana mabega. Kwenye gari dogo hakuna mahali ambapo mama mkwe anaweza kukaa na asimwone dereva usoni. Ndiyo maana alipanda lile basi: kwenye safu ya nne mtu anakuwa mbali, uso wake unakuwa kitu kidogo tu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo, mimi nimepoteza usingizi nikihesabu wauzaji waliomhonga. Akasema angeniambiaje kwamba hawezi kumbeba mama yangu. Ningesikia kwamba hataki. Na hapo alisema kweli, ningesikia hivyo, na ningepiga kelele mpaka stesheni.

Tulilinunua la kijivu. Yeye mwenyewe alisema tulinunue, mguu hausubiri, njia ataitafuta. Nilimlipa mzee fedha yake nikihesabu kwa sauti mbele ya shahidi, kwa sababu mume wangu kuwa mtu mwema hakumfanyi muuzaji kuwa mtu mwema.

Njia aliyoitafuta ilikuwa hii. Asubuhi ya hospitali alilifikisha gari uwanjani kwa mama, akakohoa, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya jiko, ametugeuzia mgongo. Mimi nikamwingiza mama, nikamnyoosha mguu juu ya kiti, mwenyewe nikajibanza pembeni. Mama akafunika kichwa na uso kwa kitenge, amebakiza pua. Mume wangu akaja akitazama ardhi, akaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukigeuza kile kioo kikatazama dari. Halafu akaniomba nimwambie yaliyo nyuma.

Kwa hiyo nikawa mdomo wa watu wawili na macho ya mmoja. Nimegeuza shingo, natangaza: pikipiki kushoto, pikipiki nyingine, baiskeli ya makaa, sasa hakuna, sasa kuna. Tulienda polepole mno, watoto wa shule walitupita kwa miguu. Tulipofika pale njia inapovuka reli, palepale alipoangukia, nilikuwa nimechelewa kusema. Pikipiki ilitokea upande wa nyuma ikapiga honi sikioni mwetu, mume wangu akakanyaga breki, gari likaruka juu ya chuma na kusimama. Mama alitoa sauti ndogo, akashika nyonga.

Nikadhani ameumia. Nikamwinamia. Alikuwa mzima, anapumua haraka tu. Akaketi sawasawa, akazungumza na mimi, kwa sauti ile yao ya kunipitishia, na mume wangu yuko karibu kiasi cha kumgusa bega.

«Mwambie bwana yako arudishe kioo. Minyi nilianguka hapa mara moja, siko nataka kuanguka tena sababu ya heshima.»

Nikaanza kumwambia mume wangu, kwa mazoea. Akasema nimwambie mama kwamba amesikia. Lakini mkono wake haukupanda. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi, na sisi tuko juu ya reli, wote watatu tunatazama mbele.

Kisha nikahisi kitenge kinasogea kando yangu. Mama alikishusha kutoka usoni, akakiweka mabegani, akakilaza vizuri kama anayejitayarisha kupigwa picha. Mume wangu akanyoosha mkono akakiteremsha kioo, polepole, mpaka kikafika mahali pake.

Mimi ninayechungulia chini ya magari na ndani ya simu za watu, niligeukia dirisha. Nilitazama reli hadi inapopotea kwenye majani. Sikutaka kuona.

Halafu mama akaniambia mimi, taratibu, kama ananipa habari ambayo sikuwa nayo:

«Nyusi zake zote ni mvi. Kumbe alishazeeka.»

Nikafungua mdomo ili nipitishe, kama siku zote. Mume wangu akanitangulia.

«Ndiyo, mama,» akamjibu, akaondoa gari kwenye reli.